Ndoo ya darasani imejaa tena, na mimi nimeshaiahidi shule yuro 3,000

Habarini za jumapili wapendwa, wa hapa Ireland na wa nyumbani. Najua mkiona jina langu kwa simu mnajua ni pesa, na ni kweli ni pesa, kwa hivyo tusizungushane. Mwaka jana niliwajia mara mbili, kwanza ule msiba wa kusafirisha mwili hadi Bungoma ambapo mlitoa ndani ya siku nne mpaka mwenye kampuni ya mazishi akauliza hawa watu ni benki gani, halafu ile karo ya kijana wa chuo. Nikaapa sitaomba mtu kitu tena mpaka mwaka uishe. Haya, mwaka umeisha.

Jumanne iliyopita nilienda kumchukua huyu wangu mdogo shuleni, ana miaka mitano, yuko naíonáin mhóra ambayo ni kama PP2 ya kwetu. Akanikimbilia getini amefurahi kabisa, ananiambia, "Mama, tá an buicéad lán!" Namuuliza ndo nini, ananiambia ndoo imejaa. Nikajua ni wimbo wamefunzwa. Kumbe ni ndoo ndoo, ile nyeupe ya rangi ya ukuta, imewekwa katikati ya darasa kati ya meza ya kuchora na zulia wanalokalia wakisomewa hadithi, kwa sababu paa la kontena linavuja hapo tangu Oktoba. Na kuna zamu! Ndani ya ndoo mwalimu amechora mstari mwekundu, maji yakifika kwa mstari mtoto wa zamu ananyoosha mkono anatangaza, mwalimu anaacha kusoma anaenda kumwaga, hadithi inaendelea. Siku hiyo zamu ilikuwa ya wangu, na kwake ni cheo. Nilicheka naye pale getini, nikaingia kwa gari nikashindwa kuwasha.

Kwa wasiojua, gaelscoil ni shule ya msingi ambayo kila kitu ni kwa Kiairishi, hesabu, michezo, kugombana, kuomba ruhusa ya kwenda choo. Huku mwanzoni hata Kiingereza hakifundishwi, mtoto anatumbukizwa tu kama wa kufunzwa kuogelea. Serikali ndiyo inalipa walimu. Si shule ya matajiri na si ya dini moja, kuna Wakatoliki, kuna watoto wa Kiislamu wa mama mmoja wa Mombasa, kuna wa kaka yetu wa Goma ambaye watoto wake wanaongea Kiswahili, Kifaransa na Kiairishi na baba mwenyewe bado anapotea kwa roundabout. Shule nzima ina watoto 118 na 14 ni wetu, Waswahili wa hapa. Kumi na nne! Hakuna klabu wala kanisa hapa mjini ambapo sisi ni wengi hivyo.

Shida ni kwamba tangu ianze shule haijawahi kuwa na nyumba yake. Ilianzia kwa ukumbi wa parokia, ikahamia vyumba vya kubadilishia nguo vya klabu ya GAA (ile ya michezo ya asili ya Kiairishi), sasa iko kwa makontena sita nyuma ya uwanja wa hiyo klabu, na kibali cha makontena kinaisha Agosti mwakani. Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la nne na ashahama mara mbili bila kuhama shule. Hakuna ukumbi, mvua ikinyesha (na mnajua huku ni lini hainyeshi) wanakula mkate wao kwa dawati lile lile wanaloandikia, vidole vimejaa jem, daftari zimejaa jem.

Najua mtaniuliza serikali iko wapi, kwani hii si Ulaya? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Katiba yao ya 1937 inasema Kiairishi ndicho lugha rasmi ya kwanza ya nchi, kabla ya Kiingereza, na lugha hiyo hiyo rasmi ya kwanza inasomewa chini ya paa linalovuja. Lakini tuwe wa haki, Wizara ya Elimu haijakataa. Masista wanaondoka kwenye ile nyumba yao ya mawe karibu na mto, wamekubali iwe shule, na Wizara imeandika barua kwamba itanunua na kurekebisha paa na umeme. Barua nimeiona kwa macho yangu. Kilichobaki kwa kamati ya wazazi ni vitu vya pembeni: wakili wetu, ripoti ya injinia wa barabara (lazima uonyeshe magari ya wazazi yatageukia wapi asubuhi, bila hiyo majirani wanapinga na kibali kinalala), uzio upande wa mto, rafu za maktaba, na gharama ya kuhama. Jumla yuro 24,000. Ziko 15,350. Baki 8,650, na mwisho ni tarehe 30 Aprili.

Sasa nije kwa kosa langu.

Kwa mkutano wa wazazi nilikaa nyuma kama kawaida, ile kukaa karibu na mlango. Akasimama mzee mmoja, mjukuu wake yuko darasa moja na wangu, kwao asili ni Mayo, huko magharibi mwa nchi. Akasema mama ya nyanya yake alipokuwa mdogo alifungiwa shingoni kijiti kinaitwa bata scóir, kila akiongea Kiairishi kijiti kinakatwa alama moja, jioni mwalimu anahesabu alama, ndizo fimbo. Na wazazi walikubali, kwa sababu zile shule za serikali ya Uingereza zilizoanza 1831 zilifundisha kwa Kiingereza, halafu ikaja ile njaa kuu ya 1845 mpaka 1852, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli, na waliopigwa zaidi ni maskini wa magharibi ambao ndio walikuwa wakiongea lugha yenyewe. Mzazi akawa anajiuliza, huyu mtoto wangu huko Boston atauza Kiairishi kwa nani.

Jamani, mimi mwili ulisisimka. Nilitaka kupiga kelele DISK! Wenzangu wa Kenya mnajua. Mimi nilikuwa darasa la nne, nimemwita dadangu kwa Kibukusu nje ya choo cha shule, nikabebeshwa disk, kipande cha mbao na kamba ya katani inayokwaruza shingo, na dawa yake ni moja tu, umsikie mwenzako akiongea "vernacular" umpe. Nilizunguka nayo mpaka saa kumi nikiwinda rafiki zangu. Sikupata mtu. Nilichapwa, lakini kinachoniuma mpaka leo si viboko, ni vile nilikuwa nawinda.

Basi mzee akakaa, mwenyekiti akauliza nani anaweza kuongezea chochote, na mimi nikajikuta nimesimama nasema Waswahili wa hapa tutaleta 3,000. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyenituma. Mdomo ulinitoka tu, watu wakapiga makofi, na yule mzee akanishika mkono akaniambia maneno marefu ya Kiairishi ambayo niliitikia tu kwa kichwa. Kwa hivyo nimewatia deni bila kuwauliza na naomba radhi, lakini sasa tufanyeje, niende nikaseme nilikuwa na malaria?

Kuna watu wananiambia inbox eti Kiairishi kitamsaidia nini mtoto wa Kiafrika. Sawa, sensa ya 2022 ilipata watu 71,968 tu wanaokiongea kila siku nje ya shule, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni tano. Ni kidogo, sikatai. Lakini wangu wakubwa, tangu waingie pale, ndo wameanza kuniuliza hiki na kile kinaitwaje kwa Kibukusu. Shule yenyewe iliwauliza, nyumbani mnaongea nini, leteni maneno. Kuna karatasi ukutani imeandikwa mvua kwa lugha tisa, na yetu iko hapo kwa mwandiko wa mtoto wangu, nusu imeshaloa.

Na msifikiri hii ya wazazi kujijengea ni mpya huku. Belfast, kule Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, pale Shaw's Road, mwaka 1969 familia chache zilijijengea nyumba zao ili waishi kwa Kiairishi, na 1971 wakafungua shule, Bunscoil Phobal Feirste, watoto tisa. Tisa! Serikali haikuitambua mpaka 1984. Miaka 13 ile shule ilikula mifukoni mwa wazazi, na msemo wao ulikuwa ná habair é, déan é, yaani usiseme, fanya. Na harambee wanayo, wanaiita meitheal, majirani wote wanashuka kwa shamba la mmoja kukusanya nyasi kabla mvua haijaharibu. Nilipowaeleza harambee ni nini hakuna aliyehitaji maelezo ya pili.

Sasa niwaseme kidogo. Usiku wa kwizi ya kuchangisha meza zilikuwa 22, sisi hatukuwa na hata meza moja. Kwenye kuuza keki tulikuwa mama watatu, mandazi yetu yaliisha kabla ya keki zao kuguswa, tukajisifu wiki nzima, lakini mama watatu kwa watoto 14? Kina baba, tarehe 17 Machi mnavaa kijani mpaka soksi na picha mnapost, kwa kontena sijawaona. Wakorintho sitawanukulia, mnaijua.

Hesabu ni hii: tukiwa 60, kila mmoja 50, deni limekwisha. Mwenye 20 alete 20, mwenye 10 asione haya, mwenye 200 Mungu amzidishie. Tuma kwa mweka hazina wetu, Revolut yake iko kwenye grupu, andika neno "ndoo" ili isichanganyike na pesa ya mwezi. Kila senti itahesabiwa, akaunti ina watia sahihi watatu, statement naweka kwa grupu kila ijumaa, risiti zipo, na hela isipotumika kwa nyumba ya masista itarudi kwa aliyetoa. Nyinyi wa nyumbani hatuwaombi, lakini mwenye kutaka M-Pesa inafika.

Asiye na pesa kuna kazi nyingine. Ombi la kibali likishawekwa council, yeyote anaweza kuandika barua ya kuunga mkono ndani ya wiki tano, ada ni yuro 20 na kwa wa kwetu kamati italipa. Wanaopinga wataandika, hilo nawahakikishia, kwa sababu ya magari. Barua nusu ukurasa, kwa maneno yako, useme mtoto wako anasomea wapi sasa hivi. Ukikwama Kiingereza nipigie tuandike pamoja.

Siku yenyewe ni jumapili ya mwisho ya Machi, saa nane mchana, baada ya ibada, kwa ukumbi wa klabu ya GAA. Majina yatasomwa kama nyumbani, pamoja na kiasi, mimi nimeshawaonya. Pilau iko kwa kina mama wa pwani, chapati ni sisi, kaka wa Goma amesema analeta spika. Watoto wataimba nyimbo mbili za Kiairishi na moja ya Kiswahili ambayo mwalimu wao amejifunza kwa wiki tatu na bado anasema "jambo bwana" kama anauliza swali. Mkifika mapema pitieni nyuma ya uwanja, kontena la tatu kutoka kushoto, mlango utakuwa wazi. Ndoo iko pale pale.