Dhoruba ya kesho usiku

Ndugu zangu wa Portland, hapa Maine, Marekani, ile tahadhari ya jana sasa imepandishwa kuwa onyo kamili la dhoruba ya theluji. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, baharini, na huo huwa hauna mchezo. Kikao chetu tumekiahirisha.

Wenye magari, jiji likipiga marufuku kuegesha barabarani usiku, yaondoeni mapema, la sivyo yatavutwa. Mnaokaa karibu na maji, angalieni saa za maji kujaa.

Kubwa kuliko yote: lile bomba la ukutani la kutolea moshi wa hita lisifunikwe na theluji. Likiziba, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hurudi ndani; haina harufu, inaua watu usingizini. Na jamani, jiko la mkaa msiwashe ndani, hata umeme ukikatika! Mwenye kichanga akikosa joto anipigie, hata saa nane usiku.