Risala ya Wanachuo wa Uuguzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wauguzi mliotupokea hospitalini, wazazi, walezi na wanachuo wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama leo, tarehe 12 Mei. Nawe, Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako na kuvumilia foleni za jiji hili ili uje kutusikiliza. Karibu sana.

Chuo chetu kilianza na darasa moja. Leo kina bweni, maktaba na chumba cha mazoezi ya vitendo. Tumepanda miti, tumeshika nafasi ya pili katika mpira wa pete, na wahitimu wetu wanategemewa popote walipo.

Lakini mafanikio makubwa kuliko yote mwaka huu ni kazi ya mahojiano ya mwaka wa pili. Wanafunzi waligawanyika Ilala, Temeke na Kinondoni, wakawahoji wauguzi wanaosimamia kinga na udhibiti wa maambukizi. Walirudi na madaftari yaliyojaa: nyakati tano za kusafisha mikono, kuanzia kabla ya kumgusa mgonjwa hadi baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, sekunde 20 hadi 30 kwa dawa ya kupaka, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, kisanduku cha sindano kufungwa kikifika robo tatu. Muuguzi mmoja aliyehudumia wagonjwa wa kipindupindu hapa jijini mwaka 2015 aliwajibu maswali yote, kisha naye akauliza la kwake: “Na ninyi wanangu, chuoni mnanawa wapi?”

Mgeni Rasmi, swali hilo ndilo tumekuja nalo mbele yako.

Chumba chetu cha mazoezi kiko ghorofa ya pili. Kina masinki manne mazuri, na hayatoi maji. Maji ya bomba hufika usiku, tena hayana nguvu ya kupanda. Tunabeba madumu ngazini. Mmoja anamimina kwa kopo, mwenzake ananawa, na dumu la lita 20 linakwisha darasa halijafika nusu. Kunawa kwa ajili ya upasuaji kunataka maji yatiririke kutoka vidoleni kushuka viwikoni, mikono ikiwa juu. Hilo tunalisoma ubaoni. Pale mlangoni tumefunga kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, nacho kinatusaidia, ila muuguzi hafundishwi chumba cha upasuaji kwa kibuyu chirizi.

Mwaka juzi, mgeni rasmi aliyesimama hapo ulipo alituahidi tangi la lita 10,000 na pampu. Tulishangilia. Wanachuo tukachangishana, tukanunua saruji na nondo, tukajenga jukwaa la zege nyuma ya bweni ili tangi likifika lisikose pa kukaa. Mwaka jana tuliambiwa jambo liko kwenye mchakato. Wenzetu waliochanganya zege kwa mikono yao wamehitimu na wako kazini, na tangi hawakuliona. Jukwaa lenyewe umelipita ulipokuwa unaegesha gari. Ni lile lililoanikwa mashuka. Hatusemi haya kumlaumu mtu, kwa maana tunajua viongozi wana mengi. Tunasema kwa sababu miezi michache ijayo mikono hii itakuwa juu ya vidonda, juu ya mama anayejifungua, juu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba tangi moja, pampu moja na mabomba ya kufikisha maji ghorofa ya pili. Makadirio ya fundi tumeyaambatanisha na risala hii. Tunaomba pia, utakaposimama kuzungumza nasi, ututajie tarehe, na kabla ya chakula ukubali kutembea nasi hatua chache hadi kwenye jukwaa. Mashuka tutayaondoa.

Tunaomba kuwasilisha.