Bamvua si maji ya ghafla

Mhariri,

Kila bahari inapofurika ukuta wa pwani, nasoma kwamba maji "yamepanda ghafla". Nawaomba waandishi wenu walitaje bamvua, yaani maji makuu ya bahari, kwa jina lake, kwa sababu lina kalenda. Huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vinapovuta maji katika mstari mmoja. Kati yake ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa nusu. Kilele chenyewe mahali pengi huchelewa siku moja au mbili, na makubwa zaidi huangukia karibu na Machi na Septemba.

Kinachosahaulika ni kupwa. Bamvua hujaa sana na hupwa sana. Mimi ni mvuvi wa mashua ndogo: kamba ya nanga iliyotosha wakati wa maji mafu, siku ya bamvua hukaza mpaka omo, mbele ya mashua, inavutwa chini. Saa sita baadaye mashua ile ile imelala ubavu juu ya mawe.

Watembeao mwambani ndio wanaonitia hofu. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, kisha saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa hukimbia, na mkondo uliokuwa wa kifundo cha mguu unafika kiunoni kabla hujageuka. Watu hukatiwa njia hapo.

Gazeti lenu huchapisha hali ya hewa kila siku. Tafadhali ongezeni pembeni yake saa za kujaa na kupwa, pamoja na kimo cha maji.

Mvuvi msomaji wenu