Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: bustani ya pwani Mikindani, Mtwara, iwe na kasma yake (fungu lake la fedha kwenye bajeti)

Shikamoo Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni mzaliwa wa Mikindani na nakuandikia kuhusu ile sehemu ya wazi pale pwani ambayo wenyewe tumezoea kuiita bustani, pale wazee wanapocheza bao jioni na akina mama wanakaanga mihogo. Jumapili nilikaa pale na mwanangu, ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe umemeguka upande wa baharini, mtoto kagusa kwa kidole tu chokaa ikamwagika kama unga, na jiwe la ndani limelowa wakati mvua hata hazijaanza.

Fundi mmoja mzee wa mtaani ndo alinielewesha. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, sasa mara ya mwisho waliuziba kwa simenti na simenti ni ngumu haipitishi unyevu, chumvi inabaki ndani inalila jiwe taratibu mpaka siku plasta inabanduka na vipande vya jiwe vimeng'ang'ania. Yaani hela ilitumika na ukuta ukaumia zaidi, roho iliniuma sana. Chokaa yenyewe haitaki mradi wa mabilioni, inataka mtu wa kuipaka tena kila inapochoka.

Ukija ugeni mkubwa pale panafagiliwa na kupigwa rangi, wageni wakiondoka basi. Boma la Wajerumani la 1895 limesimama vizuri kwa sababu lilikarabatiwa likawa hoteli, mgeni analala analipa na bati linatengenezwa. Bustani haina chumba cha kupangisha mkuu. Kuna watu wanasema iwekwe geti na kiingilio, naomba sana msikubali, yule bibi wa mihogo na wale watoto wanaotoka madrasa watakaa wapi?

Ombi langu ni moja, kwenye bajeti ya mwaka wa fedha ujao, kuanzia Julai, bustani iwekewe kasma yake kutoka mapato ya ndani ya manispaa, hata iwe ndogo, ya kumlipa mtunzaji mmoja na kununua chokaa, na isihamishwe katikati ya mwaka kwenda kwingine. Wageni wanakuja kwa ajili ya Livingstone, yule mmisionari mpelelezi aliyeondokea hapa 1866, sawa, ila mimi nikikaa pale nawaza wale watumwa waliotembezwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa wakafika kwenye maji haya haya wakapakiwa majahazini. Hawana kaburi tunalolijua.

Mvua zetu zinaanza mwezi wa 11 au wa 12. Kabla hazijafika naomba upite jioni moja baada ya Alasiri, yule fundi nimeshaongea naye, atakuonyesha pa kuanzia.