Contra yetu ya zamani: kwa nini haitoki bila dhamana, na vipuri vyake tunavitoa wapi

Kila Jumamosi kuna mteja anayesimama mbele ya meza yetu hapa Bukavu kuchukua Contra, msumeno wetu wa zamani wa mnyororo, na kuuliza swali lilelile: mashine imezeeka, rangi imetoka, haina hata breki ya mnyororo, inakuwaje dhamana yake, yaani pesa unazoweka na kurudishiwa ukiileta nzima, ipite bei ya tronsoneze mpya ya Kichina? Mzee mmoja kutoka Walungu hakuzunguka: "Fundi, dola mia tatu kwa chuma cha babu?" Shikamoo mzee wetu, swali lako ni la haki. Jibu lake ni refu kuliko foleni inavyoruhusu, ndiyo maana tunaliandika.

Mashine yenyewe ni Stihl Contra, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1959. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 106, nguvu za farasi 6, uzito karibu kilo 12. Haina gia: mnyororo unazungushwa moja kwa moja na kranki kupitia klachi. Anayeihitaji ni mtu mwenye mkaratusi mzee ambao watu wawili hawaukumbatii, au gogo la mvule ambalo upanga (ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo) wa sentimita 40 haufiki katikati yake. Kupasua mbao kwa urefu wa gogo si kama kukata kuni. Mashine inabaki imefunguliwa hadi mwisho kwa dakika nyingi bila kupumua, na mashine ndogo zenye injini ya sentimita za ujazo 50 zinapata homa kabla ubao wa kwanza haujaanguka. Contra inavuta polepole lakini haichoki. Kwa kazi hiyo tunaifunga mnyororo ulionolewa kwa pembe ya digrii 10, badala ya zile 30 za kukata kwa kukingama.

Kama una matawi ya kupunguza au miti ya kawaida ya kuangusha, usituombe Contra. Chukua mashine ya kisasa, iko kwenye rafu ya chini na ni nafuu. Hii ya zamani inatikisa mikono mpaka vidole vinakufa ganzi, na ikiruka nyuma hakuna kinachousimamisha mnyororo isipokuwa wewe kuachia gesi. Ndiyo sababu inatoka pamoja na mwendeshaji wetu, au na mtu ambaye tumemwona akiifanyia kazi kwa macho yetu. Na kwa wanaotaka kukata ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, jibu ni hapana. Hata dhamana ikiwa elfu moja.

Kinachoiua

Mashine hii haiuawi na mti. Inauawa na mafuta na mabonde.

Tuanze na mafuta. Injini ya mashindo mawili haina mafuta yake ya kulainisha. Inakunywa yale unayochanganya kwenye petroli. Contra tunaichanganyia sehemu moja ya mafuta ya 2T kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita. Anayesikia kwamba mashine za kisasa zinatumia 1 kwa 50, akapunguza ili abane matumizi, anabana mililita ishirini na kupoteza pistoni. Halafu petroli yenyewe: ya chupa, ya akina Kadhafi wa kando ya barabara, mara nyingi ina maji na mchanga, hasa wakati wa mvua. Hatumkatazi mtu kununua kwao, na sisi pia tunanunua kwao. Iache tu itulie kwenye chupa nyeupe kwa nusu saa, uangalie chini, kisha umimine ya juu kupitia kitambaa kizito kisichotoa nyuzi. Robo ya mwisho usiitie kwenye mashine.

Kuhusu mabonde wateja wengi wanadhani tunawatania. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu mita 770. Ukishuka kona za Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira, hewa inazidi kuwa nzito. Kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, tuliyoirekebisha hapa Bukavu inaendelea kutoa petroli ileile, lakini hewa inayoingia ni nyingi zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi. Mashine itaimba vizuri, kali kuliko ilivyoimba hapa, na mteja anafurahi kwamba imepata nguvu. Hiyo sauti kali ndiyo hatari. Petroli ikipungua, mafuta ya kulainisha yamepungua nayo, joto linapanda, na pistoni inajikwaruza kwenye silinda upande wa tundu la moshi.

Dawa yake ni skurubu moja iliyoandikwa H pembeni ya kabureta. Mashine ikishapata moto, ifungue gesi yote bila kukata kitu: inapaswa kugugumia kidogo, kama inayosongwa. Ikiingia ndani ya mti, mgugumio unatoweka na inanyooka. Isipogugumia kabisa, fungua H kidogo kidogo mpaka igugumie. Anayepanda kuelekea Kabare au Walungu anakutana na kinyume chake, moshi mwingi na uvivu, lakini hapo mashine haifi. Inakunywa tu pesa yako. Ukija kuichukua tuambie ukweli unakoenda. Tunauliza kwa ajili ya skurubu hiyo, si kwa umbea.

Vipuri: usiulize jina, pima

Sasa tufike kwenye dhamana. Hakuna duka la Bukavu, Goma wala Kigali ambalo ukisema "nipe piesi za Contra" muuzaji atageuka kuangalia rafu. Atakutazama usoni. Lakini sehemu kubwa ya vitu vinavyokufa ndani ya mashine hii havikutengenezwa kwa ajili yake peke yake, na hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Chukua rulema za kranki, yaani beringi. Zina namba pembeni, na namba hizo ni za dunia nzima: 6203 ni tundu la milimita 17, mzingo wa nje 40, upana 12, iwe kwenye msumeno, kwenye jenereta au kwenye mashine ya kusaga mihogo. Tunachoongeza ni herufi C3, maana injini inapata moto na rulema inahitaji nafasi ya kupanuka. Spi za kuzuia hewa zinaenda kwa vipimo vitatu, tundu, nje na upana; tunaandika kwenye karatasi na kwenda kwa wauza spi za pikipiki na pampu. Spi ikichoka injini inavuta hewa ya wizi, na dalili zake ni zilezile za kushuka Uvira: sauti kali, joto, kisha kifo. Tunaipima hivi: tunaziba tundu la moshi na la kabureta kwa vipande vya raba ya tairi la ndani, tunasukuma hewa kupitia tundu la buji (plagi) kwa pampu ya baiskeli mpaka karibu nusu ya baa, kisha tunapaka povu la sabuni kwenye ncha mbili za kranki. Povu likitoa mapovu mapya, hapo pana tundu.

Moto wa buji unatoka kwenye platine (swichi ndogo inayokata umeme) na kondensa (inayotunza umeme kidogo) zilizofichwa chini ya gurudumu la sumaku. Mashine ikiwaka asubuhi ikiwa baridi, ikafa baada ya kupata moto na kukataa kuamka mpaka ipoe, mtu wa kwanza tunayemshuku ni kondensa. Mchanganyiko wa petroli hauguswi kabla hajahojiwa. Kondensa ya gari la zamani lenye platine inakaribia kipimo kilekile, karibu mikrofaradi 0.2, na tunaifunga nje ya mfuniko. Si nzuri kwa macho, lakini inafanya kazi.

Kabureta ni ya aina ya Tillotson HL, na hapo tuna bahati, kwa sababu aina hiyo ilifungwa kwenye injini nyingi ndogo, hata magari ya mashindano ya watoto. Seti za membrani zake, yaani tando laini zinazosukuma petroli, bado zinatengenezwa. Membrani ikikakamaa mashine inanyonya petroli kidogo hata ukifungua H mpaka mwisho.

Mnyororo ndio unaodanganya watu zaidi. Contra yetu inatumia wa .404 (namba ya inchi inayotaja nafasi kati ya ribiti), na sokoni utauziwa wa 3/8 kwa kiapo. Pima kutoka ribiti moja hadi ya tatu: .404 inakupa milimita 20.5, ile 3/8 inakupa 18.6. Tofauti ni ndogo kwa jicho, lakini pinyoni, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, itakatwa meno. Tupa yake ni ya duara, milimita 5.5.

Vinavyobaki ndivyo vinavyouma: silinda, pistoni, springi ya kamba ya kuwashia, mfuniko wa magnesiamu uliopasuka. Kwa pistoni tunaangalia ndugu yake mdogo, Stihl 070, yenye kipenyo kilekile cha milimita 58 na mwendo wa milimita 40, ambayo kopi zake za Kichina zinapatikana Kampala. Lakini usinunue kwa kipenyo tu. Pima na pini yake na urefu kutoka pini hadi kichwani. Vingine tunavitafuta kwa watu wanaouza mashine zilizokufa huko Ulaya na Marekani. Kule Amerika Kaskazini Contra iliuzwa kwa jina la Lightning, kwa hiyo ukitafuta kwenye intaneti andika majina yote mawili. Kisha mzigo unasubiri mfanyabiashara anayetoka Kampala au Kigali, unavuka Rusizi, na unafika siku unayofika. Muda wote huo mashine imelala mezani na wateja wengine wanasubiri. Dhamana inalipa huo usingizi. Ukiirudisha nzima unapewa dola zako zote palepale.

Masharti mengine ni mafupi. Usiifungue ikiharibika, izime, tupigie. Ndani ya msitu, leta karatasi yako ya ruhusa ya kukata. Mafuta ya kuchanganya tunakupa sisi.

Kwa sasa tunatafuta springi ya kamba na mfuniko wa upande wa klachi. Kama kuna mzee kwenu mwenye Contra iliyolala nyuma ya nyumba tangu enzi za mashamba ya chai, mwambie asiiuze kwa wanunua vyuma chakavu kwa kilo. Piga picha ya pande zote mbili, weka rula kando yake ili tuone vipimo, ututumie. Tunanunua hata ikiwa imebaki ganda.