Wekeni kibao tujue pa kupiga picha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwafikishie ombi wakubwa wa reli na bandari. Ombi lenyewe ni dogo: wekeni kibao kinachosema wapi mtu anaruhusiwa kupiga picha na wapi haruhusiwi.

Mimi ni muuza vitenge hapa Mwanga, Kigoma. Kabla sijafungua duka, au nikishafunga, napenda kupiga picha za treni na vyombo vya ziwani. Siziuzi, sina studio, wala sitafuti umaarufu mtandaoni. Napenda tu. Kwa mwanaume nadhani watu wangeelewa upesi. Kwa mama aliyejifunga kanga kiunoni na kamera shingoni, maswali hayaishi. Kuna aliyeniuliza kama nimeibiwa mzigo kwenye behewa, nakusanya ushahidi.

Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni haya. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, treni ya abiria ilikuwa imeingia asubuhi, watu wanashusha magunia, nami nimesimama mbali na reli nakipiga picha kichwa cha treni. Akaja kijana mlinzi.

"Shikamoo mama. Unapiga picha za nini?"

"Marahaba mwanangu. Za treni."

"Za kazi gani?"

"Za kutazama."

Jibu hilo ndilo lililoniponza. Akataka kibali. Nikamuuliza kinatolewa wapi, akasema kwa mkubwa wake. Mkubwa akasema Dar es Salaam. Nikafutishwa picha zote zilizokuwa ndani ya kamera, na za kipaimara cha mpwa wangu zikaenda humo humo. Wakati huo huo, hatua chache pembeni yetu, abiria wameinua simu wanajipiga picha na treni ile ile. Hakuna aliyeulizwa.

Sibishani na usalama. Tunayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na yapo maeneo yanayolindwa. Basi yaandikwe. Kinachonishinda ni katazo linaloishi kichwani mwa mlinzi wa zamu: leo yupo huyu unaachwa, kesho yupo yule unafutishwa. Uingereza, ambako wapenzi wa treni ni wengi na wamezoeleka, Network Rail, shirika linalosimamia njia za reli huko, limewaandikia mwongozo: jitambulisheni kwa wafanyakazi wa kituo, pigeni picha jukwaani, msiwashe flashi, msivuke mstari wa njano. Mpiga picha anajua mipaka yake, na mlinzi naye anajua ya kwake. Si lazima twende mbali hivyo. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Unalipa kiingilio, unaizunguka Mount Gelai, lile garimoshi kubwa la mvuke la aina ya Garratt, unapiga picha mpaka utosheke.

Kuna watakaosema mama huyu hana kazi. Haya, waje Kigoma niwaonyeshe. Hapa treni na meli ni ndugu wa damu. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, ila mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza (fundi ni fundi hata vitani). Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hiyo ni historia, na imeandikwa sana. Ninachokitafuta mimi ni ubavu wake. Mabati yake yameunganishwa kwa ribiti, zile pini nene za chuma zenye vichwa vya mviringo. Jua la asubuhi likiupiga ubavu ule kwa upande, kila kichwa cha ribiti kinatoa kivuli chake kidogo, safu chini ya safu, kama nakshi ya kitenge. Ikifika saa nne vivuli vimekwisha, umebaki ukuta wa bati. Jioni usijisumbue kabisa: ziwa liko magharibi yetu, jua linakuwa nyuma ya chombo, unaambulia umbo jeusi na mawingu mekundu. Watu wengi wanazipenda picha za namna hiyo. Mimi naona hazionyeshi kitu.

Ninazo pia picha za abiria wakipanda Liemba katikati ya maji, maana vijiji vingi vya mwambao wa kusini havikuwa na gati. Mtumbwi unagonga ubavu wa meli, mlango wa pembeni uko wazi, mikono imenyooshwa. Anapokewa mtoto, linapokewa gunia la dagaa, halafu mama mtu anajipandisha mwenyewe. Anayebuni gati huko, picha hizo zitamfaa kuliko maelezo yangu.

Mitumbwi ya dagaa nayo ina kalenda yake. Wavuvi wanawavuta dagaa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu na mitumbwi hupumzika ufukweni. Siku hizo ndizo zangu. Nenda Katonga mapema, utakuta fundi anaziba nyufa, mwingine anarudishia rangi jina la chombo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilipata picha nzuri kuliko wakati wowote, ingawa wavuvi wenyewe hawakuwa na la kufurahia, na wateja wangu wa vitenge walipungua pamoja nao.

Mwanza, nilikokwenda kufuata mzigo, niliiona MV Umoja. Sitaha yake ina reli: mabehewa yanasukumwa kutoka nchi kavu hadi ndani ya meli, yanavushwa Ziwa Victoria hadi Port Bell, Uganda. Treni inapanda meli! Kamera niliiacha mkobani. Nilikuwa ugenini peke yangu, sikutaka kulala kituo cha polisi.

Wakisema kibao ni gharama, basi watutoze. Iwepo tiketi ya mpiga picha, hata shilingi 5,000 kwa siku, masharti yameandikwa nyuma yake na muhuri umegongwa. Nitakuwa wa kwanza dirishani. Ila nitadai risiti ya EFD, kama ile ninayodaiwa mimi dukani kwangu kila siku.

Mama Vitenge,
Mwanga, Kigoma.