Mwenye kampuni ni nani?

Mhariri,

Nimeuza vifaa vya ujenzi hapa Mombasa kwa miaka 19, na kukopesha mali ni sehemu ya kazi hii. Mwanakandarasi huchukua simiti na nondo leo, akalipa akishalipwa yeye. Mwaka 2022 kampuni moja ya ujenzi ilichukua dukani kwangu mali ya shilingi milioni 1.8 kwa muda wa miezi minne. Hundi ya kwanza ilipita. Mbili zilizofuata zilirudi.

Nilikwenda mahakamani nikashinda. Dalali wa mahakama alipofika ofisini kwao alikuta meza moja, viti viwili na deni la kodi ya miezi mitano. Nikatoa CR12, ile karatasi ya Msajili wa Kampuni inayotaja wakurugenzi na wenye hisa. Mkurugenzi pekee alikuwa kijana aliyekuwa akihesabu malori ya mchanga pale mjengoni. Hisa karibu zote zilikuwa za kampuni nyingine, iliyosajiliwa ng'ambo. Mzee aliyekuwa akija kila Jumamosi kukagua kuta na kuwalipa mafundi kwa mkono wake hakutajwa popote.

Sheria inamjua mtu wa namna hiyo. Kifungu cha 93A cha Sheria ya Kampuni, pamoja na kanuni za 2020, kinaitaka kila kampuni iweke daftari la wamiliki wake halisi, yaani binadamu, hata kama kampuni kumi zimesimama mbele yao. Mwenye asilimia 10 ya hisa au ya kura, zake mwenyewe au kupitia wengine, huandikwa. Huandikwa pia mwenye uwezo wa kuteua au kumwondoa mkurugenzi, na hata yule asiye na hisa lakini neno lake ndilo linaloiendesha kampuni. Nakala hupelekwa kwa Msajili, na daftari likibadilishwa anapaswa kuarifiwa ndani ya siku 14. Kampuni inayokaidi, pamoja na maofisa wake, inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000.

Niliposoma hayo nilidhani nimempata Mzee. Wakili wangu akanieleza kwamba daftari hilo siruhusiwi kuliona. Hufunguliwa kwa wapelelezi, watoza ushuru na wasimamizi wa sekta ya fedha; mwingine atafute amri ya mahakama. Kwa hiyo, baada ya kushinda kesi, nianze ombi jingine na gharama nyingine ili nijue tu nimdai nani. Mimi labda nitajikakamua. Mama aliyekuwa akiwapikia mafundi wale, ambaye naye anadai, atamlipa wakili kwa nini?

Wanaotetea usiri husema wamiliki watavamiwa na kutekwa. Hofu hiyo siipuuzi. Lakini sijaomba namba ya kitambulisho, wala simu, wala nyumba anayolala mtu. Uingereza imeweka daftari kama hilo wazi kwa umma tangu 2016, bure. Jina linaonekana, pamoja na mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na anwani ya nyumbani inafichwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa Novemba 2022 kumfungulia kila mtu madaftari ya aina hii, ikitaja faragha. Hata hivyo mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba anayetaka kufanya biashara na kampuni anaweza kuwa na sababu halali ya kumjua mmiliki wake. Huyo ndiye mimi.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo. Nani anahakiki kinachoandikwa mle? Hakuna kinachozuia kampuni ile kumwandika tena kijana wa malori kuwa ndiye mmiliki halisi. Ofisa aliye Nairobi akiangalia jina lile kwenye kompyuta hawezi kujua. Mafundi thelathini wa mjengo ule wangejua siku hiyo hiyo kwamba ni uongo, kama wangeruhusiwa kulisoma. Kenya iliingizwa Februari 2024 katika orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na miongoni mwa tuliyotakiwa kurekebisha ni taarifa sahihi za wamiliki halisi. Sioni zitakuwaje sahihi huku wanaozijua kampuni hizi kwa karibu wamefungiwa nje.

Ninachoomba kwa wabunge na kwa Mwanasheria Mkuu ni mstari mmoja uongezwe kwenye CR12: jina la mmiliki halisi na jinsi anavyoimiliki kampuni. Ningeisoma kabla ya kupakia mfuko wa kwanza wa simiti. Nyumba zile zilishakamilika na zina wapangaji. Kodi inaingia kila mwezi, na hukumu yangu iko kabatini.

Muuza vifaa vya ujenzi,
Mombasa